Damu Haikaguliwi: Asili na Maana za Neno "Check"

Hotuba kwa wafasiri na wakalimani, Siku ya Kimataifa ya Tafsiri, 30 Septemba, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mliokaa mstari wa mbele, wafasiri wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za mchana. Nimepewa muda mrefu, nami nimechagua jambo fupi. Nitazungumzia neno moja la Kiingereza lenye herufi tano, neno "check".

Nilikuwa na miaka 26 nilipopata kazi yangu ya kwanza ya kulipwa. Ilikuwa kufasiri kijitabu cha huduma ya kwanza. Picha nyingi, maandishi machache, nikaiona kazi nyepesi. Kwenye ukurasa wa majeraha palikuwa na sentensi fupi: "Check the bleeding." Kamusi ilikuwa mezani, sikuifungua. Nani anafungua kamusi kwa ajili ya neno "check"? Nikaandika, "Kagua damu inavyotoka," nikaenda ukurasa wa pili.

Rasimu ilipitiwa na muuguzi mmoja mstaafu, mama aliyekaa wodini miaka mingi kabla mimi sijazaliwa. Akaniita, akaweka kidole kwenye mstari ule, hakukiondoa. "Mwanangu," akasema, "hapa mtoto amejikata na panga. Niko naye kijijini, gari hakuna, daktari hakuna. Kitabu chako kinaniambia nikague damu. Nikishaikagua?" Nilikosa la kusema. Akachukua kalamu, akakata neno langu, juu yake akaandika "zuia". Akaniambia, "Damu haikaguliwi, baba. Huzuiwa."

Nilipofika nyumbani ndipo nikafungua kamusi. Ilikuwa kama alivyosema. Kukagua na kuangalia ni maana changa za "check". Maana kongwe kuliko hizo katika Kiingereza ni kusimamisha, kuzuia, kukatisha mwendo wa kitu, na ndiyo aliyoikusudia mwandishi wa kijitabu. Laiti mama yule asingeisoma rasimu, maelekezo yangu yangefika kwa watu walioshika watoto wanaovuja damu.

Ndiyo maana nikaanza kulifuatilia neno hili nyuma, nione limezaliwa wapi. Na nilipofika kwenye chimbuko lake nikakuta mtu ambaye Waswahili tunamfahamu. Nikamkuta shaha.

Hapo kale huko India palikuwa na mchezo ulioitwa chaturanga, maana yake viungo vinne, yaani sehemu nne za jeshi: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo, na magari ya vita. Waajemi wakaupokea wakauita chatrang. Karne ya 7 Waarabu wakaiteka Uajemi, wakaukuta mchezo, wakautamka shatranj, na kutoka kwao sisi tukapata sataranji. Mfalme kwa Kiajemi ni shah. Na desturi ya mchezo ilikuwa kwamba ukimtishia mfalme wa mwenzio, unamtahadharisha kwa kutaja cheo cha huyo mfalme: "Shah!" Ndiyo kusema, mfalme wako huyo, yuko hatarini.

Kama mfalme hana pa kukimbilia, basi lilitamkwa neno lingine: "Shah mat." Hapa wajuzi wamegawanyika, na mgawanyiko wenyewe unatuhusu. Wapo waliosema kwamba "mat" ni Kiarabu, "amekufa", kitenzi chenye shina moja na mauti yetu. Wengine husema hapana, "mat" hapo ni Kiajemi, maana yake aliyeishiwa, aliyekwama, asiye na la kufanya. Mimi nawaunga mkono hawa wa pili kwa sababu ya mchezo wenyewe. Katika sataranji mfalme hauawi. Kete nyingine zote zinaliwa na kuwekwa pembeni, yeye haliwi. Mchezo unaisha angali amesimama kwenye nyumba yake, amezingirwa. Huyo ni mfalme aliyekwama. Kiingereza kikaibeba kauli yote nzima ikawa "checkmate".

Huyo shah ndiye shaha wetu. Fungueni kamusi za Kiswahili mtamkuta: mfalme, na pia cheo cha heshima cha bingwa wa utunzi wa mashairi. Alivuka bahari akaingia katika lugha yetu pamoja na wenzake wenye asili ya Kiajemi ambao hatukumbuki tena kwamba walikuwa wageni: bandari, nahodha, serikali, bima. Sisi tulimpokea kwa njia ya maji. Waingereza walimpokea kwa njia ndefu zaidi, na njiani akavuliwa taji, akabadilishwa nguo mara tatu.

Tumfuate. Kutoka kwa Waarabu mchezo ulienda Hispania na Italia. Wasomi wa Ulaya waliokuwa wakiandika Kilatini wakamwita mfalme yule "scaccus". Kifaransa cha kale kikasema "eschec", na kwa wingi "eschecs". Mwaka 1066 Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, wakaivamia Uingereza wakaitawala, na lugha ya watawala ikawa Kifaransa. Waingereza wakakisikia, wakakikata kichwa. "Eschec" ikawa "check". "Eschecs" ikawa "chess", jina la mchezo mzima. Kwa hiyo "check" ni shaha mmoja, na "chess" ni mashaha wengi. Naomba wanafunzi mlikumbuke hilo hata mkisahau mengine yote ya leo.

Ndugu zetu wa Bukavu, Goma na Bujumbura wanaoishi kati ya Kiswahili na Kifaransa wanalo tawi lao. Kifaransa hakikukata kichwa. Hadi leo "échecs" ni mchezo wa sataranji, na "échec" peke yake ni kushindwa, kufeli. Mwanafunzi wa Kikongo akirudi nyumbani na karatasi iliyoandikwa hivyo, mzazi anajua hakuna zawadi. Jina la mfalme limegeuka kuwa jina la kushindwa, kwa sababu kila lilipotamkwa mtu mmoja mezani alikuwa anashindwa.

Sasa tufike kwenye lile jambo lililonikosesha mimi. Mfalme amegeukaje kuwa kizuizi?

Chukueni ubao, mkae mcheze. Unayo mipango yako. Unataka kumla farasi wa mwenzio, umeshamhesabia hatua tatu. Ghafla anasema "Shah". Mipango yote inasimama. Kanuni haikuruhusu kusogeza chochote isipokuwa kile kitakachomwokoa mfalme. Hapo ndipo neno lilipohama. Wachezaji walikuwa wakilisikia kila wanapokatishwa, na kwa Waingereza likawa na maana ya kukatishwa kwenyewe, hata nje ya ubao. Karne ya 14 walikuwa tayari wanalitumia kwa kusimamishwa ghafla, kurudishwa nyuma, kuzuiwa. Farasi anayekimbia akivutwa hatamu, neno ni hilo. Jeshi linalosonga likikutana na jeshi lingine likasita, neno ni hilo. Damu inayotoka ikibanwa kwa kitambaa, neno ni hilo.

Kutoka kuzuia hadi kukagua si mbali. Aliyewahi kusafiri kwa lori barabara ya Morogoro anajua. Lori likiitwa kwenye mizani ya Vigwaza linasimama. Kwanza unasimamishwa, kisha mzigo unapimwa, kisha karatasi zinatazamwa, kisha unaruhusiwa. Kila ukaguzi mlangoni mwake una kizuizi. Waingereza wakazidi kulitumia neno la kusimamisha kwa lile linalofanyika baada ya kusimamishwa, na kufikia mwisho wa karne ya 17 "check" ilishakuwa na maana ya kuhakiki usahihi wa jambo. Maana ya kuzuia haikufa, ikabaki pembeni kama mzee wa nyumba anayesema mara chache. Alisema kwenye ukurasa wangu wa majeraha, nami sikumsikia.

Kuna mlango mwingine ambao neno hili liliingilia, na huo ninaupenda kuliko yote. Ni mlango wa kitambaa.

Ubao wa sataranji kwa Kifaransa cha kale ni "eschequier". Wafalme wa Kinormani walioitawala Uingereza walikuwa na baraza la hesabu. Masherifu wa majimbo walikusanya mapato ya mfalme, na mara mbili kwa mwaka waliitwa kuyatolea maelezo: wakati wa Pasaka, na wakati wa sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli. Sikukuu hiyo ni tarehe 29 Septemba, yaani jana. Miaka 800 na zaidi iliyopita, siku kama hizi, wapo watu waliokuwa wanatetemeka.

Mtunza hazina wa mfalme Henry wa Pili, Richard FitzNeal, aliandika maelezo ya baraza hilo katika miaka ya 1170. Anatueleza hata meza. Ilikuwa na urefu wa futi 10 hivi na upana wa futi 5, imezungushiwa ukingo wa kimo cha vidole vinne ili kitu kisidondoke. Juu yake kilitandikwa kitambaa, si kitambaa chochote bali kile kilichonunuliwa wakati wa Pasaka, cheusi, chenye mistari iliyoachana futi moja au shubiri moja. Shubiri, ndiyo, kipimo kilekile wazee wetu wanachopimia kwa kiganja kilichotandazwa. Katika nafasi zile waliweka vijipande vya kuhesabia: peni upande mmoja, zinafuata shilingi, kisha paundi, kisha mafungu ya paundi ishirini, kisha mamia ya paundi. Kinachodaiwa kikapangwa safu ya juu. Alicholeta sherifu kikapangwa safu ya chini. Wakatoa hiki kwenye kile, na kila aliyekaa mezani, ajue kusoma asijue, akaona kwa macho yake ni kiasi gani kimepungua.

Meza ile ikaitwa kwa jina la ubao wa sataranji. FitzNeal anasema jina lilitokana na umbo la ubao, lakini anaongeza jambo ambalo mhasibu yeyote ataliafiki: kama vile kwenye sataranji wafalme wawili wanapigana, kwenye meza ile anapigana mtunza hazina na sherifu aliyeketi kutoa hesabu, na wengine wamekaa kama waamuzi. Hapo ndipo Kiingereza kilipopata "Exchequer". Ile herufi "x" iliingizwa baadaye na waandishi waliodhani neno ni la Kilatini linaloanza na "ex". Halikuwa hivyo. Chini ya "x" hiyo yumo shah yuleyule.

Mnapomsikia waziri wa fedha wa Uingereza akiitwa "Chancellor of the Exchequer", cheo chake kimetokana na kitambaa cha drafti. Na jina hilo limefika kwetu. Kenya ilikuwa na sheria ya hesabu na ukaguzi yenye neno "Exchequer" katika jina lake tangu enzi za ukoloni, na hadi leo magazeti ya Nairobi yanapoandika kwamba fedha za kaunti zimechelewa kutoka "Exchequer", mwandishi anataja meza ya Wanormani. Kwa Kiswahili tunaandika Hazina, inatosha, ni neno zuri. Ila mfasiri ajue anachokiacha.

Nimesema kitambaa cha drafti, na hapo nisimame kidogo. Waingereza huita nguo yenye miraba "check", kutokana na ubao wa sataranji. Sisi huku tunasema shati la drafti, shuka la drafti. Hatukuwafasiri. Sisi mchezo tunaoucheza barazani ni drafti, ubao tunaouona kila jioni ni wa drafti, basi nguo yenye miraba tukaipa jina la ubao wetu. Lugha mbili zimetazama nguo moja zikafikiri jambo moja, kila moja kwa macho yake. Mfasiri akiandika "shati lenye muundo wa viboksi" wakati drafti ipo, mimi humrudishia karatasi.

Twende kwenye pesa. Waingereza waliokuwa wanaogopa udanganyifu walikuwa na mbinu ya kale: kijiti kinachanjwa alama za kiasi cha deni, kisha kinapasuliwa katikati kwa urefu. Nusu yako, nusu yangu. Siku ya malipo nusu mbili zinakutanishwa, na alama lazima zilingane. Hazina yao ilitumia vijiti hivyo hadi mwaka 1826. Vilipochomwa moto mwaka 1834 kwenye tanuru za jengo la Bunge pale Westminster, moto ukazidi, ukateketeza sehemu kubwa ya jengo lenyewe.

Karatasi za benki zilirithi wazo lile la kijiti. Kipande kinakatwa na kwenda, kipande kinabaki kitabuni ili kije kizuie kughushi. Kile kinachobaki ndicho kilichoitwa "check" mwanzoni mwa karne ya 18, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuzuia wizi. Baadaye jina likahamia kwenye ile karatasi inayoondoka. Waingereza wakaanza kuiandika "cheque", kwa kuiga tahajia ya "Exchequer", Wamarekani wakabaki na "check". Kwa hiyo mkikutana na neno hilo kwenye maandishi ya Kimarekani, hakuna herufi ya kuwasaidia kujua kama ni hundi au ukaguzi. Muktadha peke yake ndio utakaosema. Kifaransa nacho kikaazima tena kutoka Kiingereza, kikapata "chèque". Leo Mfaransa ana "échec" na "chèque" katika mfuko mmoja, binamu wawili wasiojuana.

Na sisi? Sisi tuna hundi, na hundi haikutoka Ulaya. Ni neno la Kihindi, na kabla benki za Kizungu hazijajenga jengo lolote katika pwani hii, wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa wakiandikiana hundi: mlipe fulani kiasi hiki, nitakurudishia. Zanzibar ya karne ya 19, wakati matajiri kama Taria Topan walipokuwa wakikopesha misafara inayokwenda bara, ilikuwa mji uliojua vizuri thamani ya karatasi yenye saini. Ukiandika "hundi" unataja historia hiyo ya Bahari ya Hindi. Ukiandika "cheki" ya benki utaeleweka pia, hasa Kenya, na sitakukataza. Mimi huandika hundi.

Hundi zenyewe zinaondoka. Afrika Kusini ilizisitisha kabisa mwishoni mwa mwaka 2020. Kwetu simu zimechukua kazi kubwa tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata. Na simu zimetuletea "check" nyingine: "check balance". Hapo wafasiri wetu wa kampuni za simu walifanya kazi nzuri sana, sijui ni nani, ningependa kuwashukuru. Wakaandika "angalia salio". Maneno mawili, kila bibi anayeuza maandazi anayaelewa.

Lakini yaangalieni maneno hayohayo ya Kiingereza yakigeuzwa: "checks and balances". Nimesoma tafsiri iliyosema "ukaguzi na mizani". Nimesoma nyingine iliyosema "hundi na salio", na hiyo ilikuwa kwenye makala kuhusu katiba. Msomaji wa Kiswahili ataelewa nini? Jambo lenyewe ni la utawala. Katiba ya Marekani iliyoandikwa mwaka 1787 inampa rais uwezo wa kukataa muswada uliopitishwa na Bunge, kisha inalipa Bunge uwezo wa kuupitisha tena kwa theluthi mbili ya kila chumba. Rais analizuia Bunge, Bunge linamzuia rais, hakuna anayekimbia peke yake. "Check" hapo ni ile kongwe, ya hatamu na ya damu. Sisi tunayo mofimu, yaani kijisehemu cha neno chenye maana, inayofanya kazi hiyo kwa silabi mbili tu. Mihimili kudhibitiana. Mihimili kuzuiana. Hiyo "-ana" imebeba ambacho Kiingereza kimetumia maneno matatu kukisema. Mwongeze "kusawazishana" kama mnataka mizani nayo ionekane.

Nyingine nitazipitia upesi. Fomu ya Kimarekani inayosema "check the box" haitaki ukague kisanduku, inataka uweke alama ya vema. Alama ya vema! Kiingereza kimeipa alama ile jina la kuhakiki, Kiswahili kimeipa jina la wema. Mgahawani Marekani "check" ni bili. Vazi au begi likiwekwa kwa mtunzaji, "check" ni kile kibati au karatasi unayopewa ili ulikomboe. Kutokana na hiyo, viwanja vya besiboli vya Marekani katika karne ya 19 vilianza kutoa kipande cha tiketi kwa watazamaji mvua ikivunja mchezo, ili warudi siku nyingine bila kulipa. Ndipo Mmarekani anapoalikwa chakula na hana nafasi husema atachukua "rain check". Niliona manukuu ya filamu yaliyoandika "cheki ya mvua". Alikuwa anasema tu, "Siku nyingine, ndugu yangu." Na nchi ya Ucheki, kwa kuwa kuna aliyeniuliza mlangoni, haina undugu na neno hili. Ni sauti tu zimekutana.

Sasa "cheki" yetu ya mitaani, ambayo najua wengi mmeingoja.

Juzi jioni nilipita Magomeni nikakuta wazee na vijana wamezunguka ubao chini ya mwarobaini. Ubao ni kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi na nyeupe, rangi imelika katikati kwa kusukumwa. Kete zao ni visoda: mmoja kaviweka uso juu, mwingine kavipindua chali. Kijana mwenye vya chali alikuwa amezidiwa, kila mtu anaona. Akakaa kimya. Akakiinua kisoda kimoja, akaruka tatu kwa mkupuo, ta, ta, ta, akatua mstari wa mwisho, akapata kingi. Akainua macho kwa wenzake akasema: "Cheki!"

Nilisimama pale nikashindwa kuondoka. Ubao ulikuwa mbele yake, wa miraba, aina ileile iliyompa sherifu wa Kiingereza jasho. Mchezo anaoucheza Wamarekani wanauita "checkers". Na neno alilolitamka kwa kumaliza mwendo wake ndilo lile, lililotoka Uajemi likapita Baghdad, Ufaransa na London, likafika Magomeni. Yeye alikuwa anasema "tazameni". Hakuwa na haja ya kujua mengine ili aseme vizuri.

Ila mimi na nyinyi tunayo haja hiyo, kwa sababu ndiyo kazi tuliyoichagua. Wapo wanaosema Kiswahili ni maskini kwa kuwa "check" ni moja nasi tunahangaika na zuia, dhibiti, kagua, hakiki, angalia, chunguza, hundi, bili, drafti, vema. Nimelisikia hilo vyuoni na hunichoma. Anayesema hivyo ameigeuza hesabu. Mwenye maneno kumi kwa mambo kumi ndiye aliyeyatenganisha. Muuguzi wangu alikuwa na zuia na kagua, na tofauti kati yake ilitosha kumwokoa mtoto wa ukurasa ule.

Kuna dada pale katikati ameinua mkono tangu nilipotaja Magomeni. Nimeruhusiwa kupokea swali moja.

Anauliza: kama kila mtu mtaani anaelewa "cheki", kwa nini tusiandike "cheki" kila panapotokea "check", tukamaliza?

Swali zuri, na nimelifikiria kwa miaka. Tulipoliazima neno hili hatukulichukua lote. Tulichukua maana ile changa kabisa, kutazama. Cheki gari lile. Cheki mechi. Kisha tukalizalishia maana yetu wenyewe: nicheki baadaye, nitakucheki kesho, yaani tuwasiliane, tuonane. Maana ya kuzuia haikuja. Mwambie mtu yeyote hapa "cheki damu hiyo", ataitazama. Litakuwa kosa langu lilelile, safari hii kwa herufi za Kiswahili. Basi, dada, ukifasiri mazungumzo ya vijana kwenye filamu, liandike bila woga, ni neno halali na lina nasaba kuliko mengi yanayolidharau. Ukifasiri tangazo la kuwahimiza vijana wapime afya, "cheki afya yako" itawafikia haraka kuliko "fanya uchunguzi wa afya". Ukikuta mkataba, ripoti ya ukaguzi, katiba au maelekezo ya dawa, weka kalamu chini kwanza. Jiulize ni nani anasimamishwa hapo, au ni nini kinatazamwa, ndipo uandike.

Kijitabu kile kilichapishwa na neno la mama yule. Ninacho nyumbani, ukurasa wa majeraha umekunjwa pembe. Mwenyekiti ananionesha saa. Asanteni sana kwa kunisikiliza.